Kinywa Kikavu Si Joto Peke Yake

Akina mama wenzetu, sisi wa Msasani tumezoea kiu. Joto la pwani halina huruma, na mtu akilalamika kuwa kinywa kimemkauka, tunampa maji, basi. Lakini mwenzetu mmoja katika kikundi chetu, mama wa watoto wanne, alifikia hali ya kutoweza kumeza mkate wala kiazi bila maji. Meno yake yakaanza kuoza moja baada ya jingine. Macho yakawasha kama yameingiwa na mchanga. Ukavu huo ulifika hata chumbani, mume akaanza kujiuliza kama bado anapendwa.

Kwa miaka mingi alikuwa akitibiwa baridi yabisi. Meno alimwonyesha daktari wa meno, macho daktari wa macho, na habari ya chumbani hakumwambia mtu. Tulimsihi amweleze yote daktari mmoja. Ndipo ugonjwa ulipojulikana.

Katika baridi yabisi na lupasi, kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Mara nyingine huziandama pia tezi za mate na za machozi. Daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliieleza hali hiyo mwaka 1933, nayo ikapewa jina lake. Katika kila wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake.

Vipimo vyake havitishi. Daktari huuliza kama kinywa kimekuwa kikavu kila siku kwa zaidi ya miezi 3. Kisha mgonjwa hutema mate kikombeni kwa dakika 15. Yasipozidi mililita 1.5, ni haba. Kikaratasi chembamba huwekwa kwenye kope kwa dakika 5. Kisipolowa zaidi ya milimita 5, machozi nayo yamepungua. Damu hupimwa, na pengine hukatwa kinyama kidogo ndani ya mdomo wa chini. Kisukari, virusi vya UKIMWI na baadhi ya dawa za presha au mzio huweza pia kukausha kinywa, hivyo navyo huchunguzwa. Lakini usiache dawa bila kumwuliza daktari.

Ugonjwa wa mwenzetu haujapona. Hata hivyo meno yaliyobaki anayatunza kwa dawa yenye floraidi, na mumewe, aliyemsindikiza kliniki, sasa anajua sababu.

Mama, ukienda hospitali, usiyagawe maradhi yako vipande vipande. Sema yote, hata lile la aibu.