Ulimi wa Mgonjwa

Mwili hauna lugha ila maumivu, kiu, homa, uvimbe na uchovu, na mwenye mwili ndiye mkalimani wake. Mkalimani akinyamaza, tabibu hubaki kama nahodha aliyefichwa habari za mwamba. Na tabibu asiyeuliza ni kama nahodha asiyetupa bildi penye maji asiyoyajua. Chombo huweza kuzama kwa kosa la mmoja wao, au kwa kosa la wote wawili.

Katika visiwa vya Lamu ukimya mbele ya tabibu huhesabiwa kuwa ni adabu. Tumelelewa kumheshimu mwenye elimu, na malezi hayo ni mema. Lakini mgonjwa huingia, husalimu, hupokea dawa, hushukuru, akatoka. Ukimwuliza nyumbani anaumwa nini, hujibu kuwa amepewa vidonge vyeupe. Jina la dawa halijui, na jina la ugonjwa halijui. Heshima ya namna hii haimfai tabibu, wala haimponyi mgonjwa.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi katika kisiwa cha Pate. Siku moja alikatwa mguuni na ganda la chaza, na jambo la ajabu ni kwamba hakusikia maumivu. Jeraha likakaa wiki nyingi bila kufunga. Kabla ya hapo alikuwa akinywa maji usiku kucha na kutoka mara kwa mara kwenda haja ndogo, naye alikuwa amekonda. Alikwenda zahanati mara tatu. Mara zote tatu alisafishwa jeraha, akafungwa kitambaa, akapewa vidonge, akaambiwa atapona. Hapana aliyemwuliza juu ya kiu, na mjomba hakuitaja, maana hakujua ya kuwa kiu na jeraha lile walikuwa ndugu. Mkewe alipotaka kusema neno, alimzuia: "Mwache daktari, mke wangu, yeye ndiye ajuaye."

Mguu ulipogeuka mweusi, ilibidi apelekwe mjini Lamu. Njia ya Mkanda haipitiki vyema maji yakitoka, basi chombo kilingoja maji yajae, na ugonjwa haukungoja. Alipofika alidungwa kidole, likatoka tone moja la damu, na kwa muda usiotimia dakika chache jibu likajulikana: kisukari. Alirudi Pate na mguu mmoja. Dau lake liliuzwa mwaka ule ule, na sasa hutengeneza nyavu za watu wengine.

Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, hudhoofisha mishipa ya fahamu na mishipa ya damu. Ndipo mguu hupoteza hisi, na jeraha hukosa damu ya kutosha kuliponya. Mtu ambaye hajala tangu usiku, akipimwa na kuonekana ana milimoli 7 au zaidi za sukari katika kila lita ya damu, na kipimo cha pili kikathibitisha, huyo ana kisukari. Insulini ilimtibu mgonjwa wa kwanza mjini Toronto, Kanada, mwaka 1922, na dawa nyingine nyingi zimefuata. Kwa hiyo mguu wa mjomba haukupotea kwa sababu ya uhaba wa elimu duniani. Ulipotea kwa sababu elimu iliyokuwapo haikutumiwa.

Uadilifu watudai tuseme kwamba wahudumu wengi ni watu wa huruma, na pengine mmoja hukabili foleni inayowatosha watatu. Hata hivyo uchache wa watu hauondoi wajibu wa kuuliza, na kifaa kikikosekana mgonjwa hustahili kuambiwa ili akitafute kwingine. Wala kosa si la zahanati ndogo peke yake. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mtu alipasuliwa kichwa ilhali aliyestahili kupasuliwa alikuwa mgonjwa mwingine. Ukubwa wa jengo si kinga ya uzembe.

Sheria haikumwacha mgonjwa bila ngao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, humpa kila mtu haki ya afya, na hukataza mtu kunyimwa tiba ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, vipimo na matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoifahamu inapowezekana. Aliyedhulumiwa aweza kupeleka malalamiko yake mbele ya mabaraza yanayosimamia madaktari, matabibu na wauguzi. Lakini ngao isiyoinuliwa haizuii mkuki.

Chuoni tulikojifunza ualimu tuliambiwa kwamba mwanafunzi anayeuliza hamvunjii mwalimu heshima, bali humsaidia kufundisha. Ndivyo alivyo mgonjwa. Na aulize kwa upole: Ugonjwa wangu waitwaje? Mmeujua kwa kipimo gani? Dawa hii yafanya kazi gani? Dalili gani ikitokea nirudi upesi? Na aseme yote anayoyaona mwilini mwake, hata lile analoliona dogo au la aibu, kwa maana mficha maradhi kilio humfichua.

Ninyi vijana mnaosoma mna deni kwa wazee wenu. Bibi akienda hospitali, mfuateni. Andikeni jina la ugonjwa na jina la dawa, na palipo na giza ulizeni kwa niaba yake. Na yule miongoni mwenu atakayevaa koti jeupe kesho asichoke kuuliza, kwani mbele yake ataketi mtu ambaye hajui lipi la kusema, na maisha yake yatategemea swali moja.