Robo Inchi

Lenzi yangu ilianguka Jumamosi moja asubuhi, kwenye njia ya mbao inayopita katikati ya mafunjo kule Dunga, Kisumu. Haikupiga kishindo kikubwa. Ilinigonga paja kwanza, kisha ikatua kwenye mbao, ko!, kavu kama rungu kwenye meza. Nyuma yangu kulikuwa na watoto wa shule walioletwa matembezi. Wote kwa pamoja wakasema, "Yawa!" Halafu wakanyamaza na kuniangalia, kwa sababu hata mtoto wa darasa la tatu anajua kitu cha bei kikianguka.

Nilikuwa nimemngoja gonoleki wa mafunjo tangu saa kumi na mbili na nusu. Ni ndege mweusi mgongoni, kifua chekundu kama pilipili iliyoiva, utosini manjano, na maisha yake yote ni ndani ya mafunjo. Mafunjo yakikatwa, hana pengine pa kwenda. Makala yenyewe nilikuwa nimeshaiandika. Mhariri alitaka picha. Siku hizi maneno peke yake yanalipwa kidogo, na maneno yenye picha yanalipwa kidogo na nusu, kwa hivyo mwandishi wa kujitegemea lazima awe na kamera hata kama mikono yake ilizoea kalamu tu.

Ndege alipotokea alikuwa mbali. Nikaivuta lenzi kutoka milimita 150 hadi 600. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wacha nieleze polepole, maana hakuna muuzaji aliyewahi kunieleza.

Lenzi ndefu haifungwi kwenye tripodi kupitia kamera. Ingefungwa hivyo, uzito wote wa mbele ungening'inia pale lenzi inapoungana na kamera. Kwa hivyo lenzi yenyewe ina pete yake, pete ina mguu mdogo, na chini ya mguu huo unafunga pleti: kipande cha alumini chenye kingo zilizokatwa mshazari, kinachoteleza ndani ya kibano cha kichwa cha tripodi kama droo ndani ya meza. Wengi wetu tunatumia mtindo wa Arca-Swiss, upana wa karibu milimita 38. Pleti ni pleti, nilidhani. Yangu ilikuwa na urefu wa sentimita tano na ilikuja bure na tripodi.

Lakini lenzi ya kuvuta hubadilika umbo. Ukifika 600, pua imetoka nje, vioo vimesogea mbele, na kitovu cha uzito kimesogea pamoja navyo. Ile iliyokuwa imekaa sawa kwenye 150 sasa inainama kama mtu anayesinzia kanisani. Dawa yake ni kuisogeza nyuma kwenye kibano sentimita kadhaa mpaka itulie tena. Sasa kwa pleti ya sentimita tano, ndani ya kibano kinachoshika karibu zote tano, utaisogeza wapi? Mimi nilijaribu. Nikalegeza kibano, nikavuta nyuma, na pleti ikachomoka yote. Pleti nzuri huwa na viskrubu vidogo kila mwisho, vya kuizuia isichomoke hata kibano kikilegea. Yangu haikuwa navyo.

Kofia ya lenzi ilipasuka. Kioo kilipona. Gonoleki, bila shaka, aliondoka.

Lazima sasa niseme lenzi hiyo niliipataje. Nilikuwa mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo. Baba alikuwa fita katika kiwanda cha sukari huko kwetu Magharibi kwa miaka 22, na kiwanda kiliposimama kilikuwa na deni lake la mishahara ya miezi mingi, deni ambalo hadi leo ni la kusimuliwa tu. Muhula huo aliuza fahali, akanitumia 52,000 za karo kwa M-Pesa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaacha kuingia darasani. Nilikuwa naandika. Pesa zikakaa kwenye simu siku nne. Siku ya tano nikakutana na jamaa Moi Avenue aliyekuwa anauza lenzi ya 150-600 ya mtumba kwa 70,000. Nikaongeza 18,000 zangu za makala.

Nyumbani nilisema niliacha chuo kwa sababu karo haikutosha. Ukweli wa aina hiyo unaujua.

Kwa hivyo lenzi ilipolala pale kwenye mbao nilimwona fahali, kamba shingoni, akitolewa bomani, ingawa sikuwepo siku aliyouzwa.

Wiki iliyofuata nilipanda ngazi za duka moja la vifaa vya kamera katikati ya Nairobi, orofa ya pili, na 3,000 mfukoni. Dada wa dukani akanitandazia pleti kwenye kaunta kama anayeuza samaki. Kulikuwa na fupi kama yangu, imebandikwa mpira juu. Mpira unashika vizuri kamera ndogo. Chini ya lenzi ya kilo mbili unabonyea, na kwenye milimita 600 mtikisiko mdogo kabisa unageuka ukungu pichani. Nikairudisha. Kulikuwa na mguu mzima wa kubadilisha, ambao tumbo lake limeshakatwa kwa ule mshazari: unatoa mguu wa zamani, unaweka huu, na habari ya pleti inaisha. Huo ndio ningeuchukua kama ningekuwa na pesa, na kama ungekuwa wa lenzi yangu.

"Utaingia tu," dada akasema.

Haukuingia.

Iliyobaki ilikuwa pleti ya milimita 150, alumini tupu bila mpira, na viskrubu vya kuzuia kila mwisho. Nikaipenda palepale. Kulikuwa na ya 200 pia, na kwa tamaa nikaijaribu, lakini mkia wake ulipita chini ya kamera ukawa unanigonga kifundo cha mkono kila nikishika. Urefu una mwisho wake. Ya 150 alitaka 2,800.

"Punguza kidogo, sista."

"Leta mbili na nusu, na usinisumbue tena."

Skrubu haikuwemo kwenye pakiti. Akafungua mkebe wa skrubu za kila ukoo, akachagua moja. "Zote ni sawa hizi," akasema, na mimi, niliyekaa darasa la uhandisi miaka miwili na ushee, nikaitikia.

Nyumbani Kasarani nikaifunga kwa sarafu ya shilingi kumi mpaka kidole kikauma. Ilibana kabisa. Nikaenda dirishani nikamlenga kunguru juu ya nguzo ya stima. Kuvuta hadi 600, sawa. Kusogeza nyuma, sawa, na kile kiskrubu cha mwisho kikafanya kazi yake. Lakini kila nilipogeuza kumfuata kunguru, lenzi ilizunguka juu ya pleti, kidogo tu, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikakaza zaidi. Ikaendelea kucheza.

Wenzangu wa picha walinisomea mashtaka. Ningetafuta pleti yenye ukingo unaoukumbatia mguu wa lenzi usizunguke. Au kama mguu una matundu mawili, ningeweka skrubu mbili mambo yakaisha. Walisema kweli. Lakini wangu una tundu moja, na 2,500 ilikuwa imeshaenda.

Halafu shangazi akafariki, nikaenda nyumbani kwa matanga. Niliambiwa nibebe kamera nipige picha za mazishi. Lenzi ndefu hakuna aliyeniambia niibebe. Nadhani niliogopa kuiacha Kasarani, au labda nilichoka kuificha, sijui. Siku moja kabla ya mazishi Baba alinikuta nyuma ya jikoni, nimeilaza mapajani, nahangaika na sarafu.

"Hiyo ni mzinga wa wapi?"

"Ni lenzi, Baba."

"Lete nione."

Akaishika, akaizungusha mara moja juu ya pleti, akasikiliza kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. "Umekaza?"

"Nimekaza mpaka mwisho."

"Mwisho wa nini?"

Sikuelewa. Akafungua skrubu. Akaokota njiti ya kiberiti, akaiingiza kwenye tundu la mguu wa lenzi mpaka ikagota, akaweka alama kwa ukucha. Kisha akaisimamisha njiti kando ya skrubu, pale inapotokeza juu ya pleti. Skrubu ilizidi kwa unene wa msumari.

"Skrubu yako inagota chini ya shimo kabla haijaivuta pleti," akasema. "Wewe unasikia imebana. Kweli imebana. Imebana shimo."

Uzi wa skrubu niliusoma muhula mzima. Nilipata B.

Akaipeleka kwenye kibanda chake, mimi nyuma. Akaitazama kwenye mwanga. "Robo inchi, nyuzi ishirini. Hii ni Whitworth?" Kiwanda kile kilikuwa na mashine kuukuu, na Whitworth ilikuwa lugha yake ya kwanza. Nikamwambia skrubu za tripodi zamani zilikuwa Whitworth kweli, siku hizi ni uzi wa Kimarekani, lakini zote mbili zina nyuzi 20 kwa inchi. Tofauti ni pembe ya uzi tu, digrii 55 kwa 60, ndiyo maana ya zamani bado inaingia kwenye ya sasa. Akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwambia kitu ambacho alitaka kukijua.

Kwenye mkebe wake wa Kimbo akatafuta nati ya robo inchi, akaizungusha kwenye skrubu kwanza, kisha akaibana skrubu kwenye vaisi katikati ya vibao viwili ili uzi usiumie. Nati ni ya nini, nikauliza. Akasema ukimaliza kupiga tupa, unaitoa nati kwa kuipitisha pale palipokatwa, nayo inanyoosha uzi ulioharibika. Hilo silo la muhula wowote niliosoma.

Akaanza kupiga tupa. Polepole, kwenda tu, bila kukwaruza kurudi.

"Kilo ngapi hii?"

"Mbili hivi."

"Na pesa?"

Ningeweza kusema ishirini. Hapo kijijini nani angejua?

"Sabini elfu."

Tupa ikaendelea. Mara tatu, mara nne. "Ulitoa wapi sabini?"

"Kumi na nane zilikuwa zangu. Hamsini na mbili zilikuwa zako, Baba. Zile za fahali."

Tupa ikasimama. Nje watu walikuwa wanafunga turubai la kesho, mtu mmoja akimfokea mwingine kuhusu kamba. Baba akapuliza vumbi la chuma kwenye vaisi. Akaitoa nati, mzunguko mmoja baada ya mwingine, akapima uzi kwa ukucha.

"Yule alikuwa zaidi ya kilo mia mbili," akasema. "Hii ni mbili."

Sikuwa na jibu. Sina hadi sasa.

Akaifunga skrubu. Akashika lenzi kwa mkono mmoja na pleti kwa mwingine, akazungusha kwa nguvu za mtu aliyefungua boli za kiwanda miaka 22. Haikusogea hata unywele. Akaifungua tena. "Nenda kwa dada yako, lete rangi ya kucha."

"Rangi ya kucha?"

"Utauliza mpaka lini?"

Tone moja kwenye uzi, kisha akafunga. Ikikauka inashika, skrubu hailegei kwa kutikiswa kwenye matatu, lakini ukitaka kuifungua kwa nguvu inafunguka. Kisha akaweka kamera na lenzi juu ya mpini wa patasi, akaisogeza mbele na nyuma mpaka ikatulia bila kushikwa. "Sasa ivute hiyo pua." Nikavuta hadi 600. Ikainama. Akaisogeza tena mpaka ikatulia. Kila ilipotulia akatia tone jekundu pembeni mwa pleti. Matone mawili, baina yao upana wa vidole vitatu. Siku hizi nikiwa porini sitafuti mizani, nalinganisha tone na ukingo wa kibano, basi.

Kuhusu pesa hakusema kitu usiku huo. Wala siku ya mazishi. Asubuhi niliyokuwa naondoka alinisindikiza mpaka stejini, begi la kamera amelibeba yeye, na boda tatu zikatupita bila yeye kuzisimamisha.

"Huyo ndege unayemfuata, picha yake wanalipa ngapi?"

"Elfu nne na mia tano. Wakilipa."

Akatembea kidogo. "Kumi na mbili, basi," akasema. "Hiyo chenji utakula soda."

Gonoleki nilimpata mwezi wa tatu, Dunga palepale, saa moja kasoro. Alikaa juu ya utepe wa funjo sekunde labda sita, na lenzi ikiwa kwenye tone la pili. Mhariri alilipa baada ya wiki tano na simu nne. Siku hiyo hiyo nikatuma 4,500 nyumbani. Jibu lilikuja usiku, kwa ujumbe mfupi, bila salamu:

"Imefika. Zimebaki 11. Skrubu je?"