Kusoma Uso wa Mbingu



Katika Injili ya Luka (12:54-56) Bwana wetu anawashangaa watu wanaotambua mvua kwa kuona wingu, na joto kwa upepo wa kusini, lakini hawatambui majira waliyomo. Juma hili tumetafakari fundisho hilo tukikumbuka tarehe 28 Januari 1986, huko Florida, Marekani, kwenye pwani ya Atlantiki.

Chombo cha anga Challenger kilikuwa tayari kurushwa na watu saba ndani yake, akiwamo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Safari ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara kadhaa. Usiku ule baridi ilizidi hata barafu ikatanda kwenye mnara wa kurushia. Jioni, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusukumia walikuwa wameshauri kwamba chombo kisirushwe chini ya nyuzi joto 12, kwa maana pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi hizo hukakamaa kwa baridi, na moto huweza kupenya. Badala ya kuulizwa kama ni salama kuruka, walijikuta wakitakiwa kuthibitisha kwamba ni hatari. Wakuu wakaamua safari iendelee. Chombo kiliruka penye nyuzi joto 2 hivi. Baada ya sekunde 73 kilivunjika angani, na wote saba wakafariki dunia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usiku ule wakuu ndio hawakusikia la wadogo.

Nasi tunalo la kuungama. Tulipojenga ukumbi wa parokia, fundi kijana alitusihi tusitoe mbao za lenta, kwani zege lilikuwa halijashika. Tulimjibu kwamba wageni wanakuja Dominika. Kwa huruma ya Mungu hakuna aliyeumia, lakini ufa upo hadi leo, na kila tunapoupita tunakumbuka kwamba tulimnyamazisha aliyesema kweli.

Ndugu wapendwa, katika familia na Jumuiya zetu, ni nani anayesema "tungoje kidogo", nasi tunamwona mkorofi? Juma hili tumwendee, tukae naye, tumsikilize hadi mwisho.

Tuwaombee marehemu wale saba pumziko la milele.

Dominika njema.