Picha Nzima

TV za chogo zilikuwa na siri ambayo wengi wetu hatukuwahi kuijua: hazikutuonyesha picha yote. Zilichora kwa miale ya elektroni, na miale ile haikutulia. Umeme ukipanda au kushuka, picha ilitanuka au kunywea. Watengenezaji wakaamua kuichora kubwa kidogo kuliko kioo, kingo zijifiche nyuma ya fremu. Watengeneza vipindi nao walilijua hilo, wakawa wanaweka maandishi ndani ya asilimia 80 ya katikati na matendo muhimu ndani ya asilimia 90. Kilichobaki pembeni kilikuwa cha kupotea.

Siri hiyo ilifichuka kwetu Magomeni, mwaka 2009 au 2010, flati ya kwanza ilipoingia sebuleni na mjomba akaamua kuiunganisha na kompyuta ya mtumba aliyoinunua Kariakoo. Waya wa HDMI ukachomekwa, picha ikaja, lakini kitufe cha Start hakikuonekana. Kilikuwa nje ya kioo, pamoja na saa ya pembeni na nusu ya maandishi ya tafsiri kwenye muvi za Kikorea. Watu wanagombana, wanalia, wanaapizana, na sisi tunaona vichwa vya herufi tu.

Flati haina miale. Pikseli zake zimepangwa na hazihami, kwa hiyo hakuna cha kuficha. Hata hivyo tabia ya kukata kingo ilirithiwa. TV ilipokea picha ya 1920 kwa 1080, ikaikuza asilimia chache kila upande, kisha ikaibana iingie kwenye kioo chenye pikseli 1366 kwa 768. Ndiyo maana herufi zilitoka na ukungu hata kwa mtu mwenye macho mazima.

Dawa ilikuwepo, imefichwa ndani ya menyu, na kila kiwanda kiliiita jina lake: Just Scan, Screen Fit, Full Pixel. TV nyingine haikuacha kukata mpaka uibatize njia ya HDMI jina la “PC”. Draiva ya kadi ya picha nayo ilikuwa na kitelezi chake cha kupunguza ukubwa, na wengi waliishia hapo. Mjomba hakukubali. Alisema ukifanya hivyo kompyuta inaipunguza picha na TV inaikuza tena, inachakachuliwa mara mbili, na alikuwa sahihi. Tulipojaribu waya wa VGA, kompyuta ikakubali upana wa 1360 tu, kwa sababu kadi nyingi za wakati ule zilihesabu upana kwa nane nane, na 1366 haigawanyiki kwa nane. Zikabaki safu sita nyeusi. Sidhani kama kuna mtu mwingine mtaani aliyeziona. “Anko,” mjomba akaniambia, “bado kuna uzi pale pembeni. Angalia vizuri.”

Umbo la picha ndilo lililomshughulisha kuliko yote. DVD za PAL, mfumo uliotumika kwetu, zina pikseli 720 kwa 576 iwe filamu ni nyembamba au pana. Alama ndogo ndani ya faili ndiyo inayoiambia programu ivute hadi 768 kwa umbo la 4:3, au 1024 kwa 16:9. Programu ikipuuza alama hiyo, watu wa 4:3 wanakonda. TV ikiamua kujaza kioo, wananenepa. Mjomba hakuwa na kipimo cha maabara. Alisimamisha filamu pale penye tairi, sahani au mpira, akatazama kama ni duara. Duara lisipokuwa duara, filamu haiendelei, na wageni wanasubiri na vikombe vyao vya chai. Nilimwona msumbufu. Leo natamani usumbufu ule.

Siku hizi mambo haya hayamsumbui mtu. TV ina programu zake, unabonyeza, inacheza. Wachache tunaoendelea na kompyuta sebuleni tunakutana na tatizo jipya: kioo cha 3840 kwa 2160, na Windows inapendekeza kukuza kila kitu kwa asilimia 300 ili maandishi yasomeke kutoka kwenye kochi. Programu ya zamani inadanganywa kwamba kioo kina 1280 kwa 720, inachora kwa kipimo hicho, halafu Windows inaivuta kujaza kioo. Unatazama filamu safi kwa macho ya mwenye mtoto wa jicho. Ukiizuia Windows isiikuze programu hiyo, tatizo linakwisha.

Hilo si kitu. Kinachoniuma ni kwamba jicho lenyewe limeondoka. Mistari myeusi pembeni sasa inaonekana ni kasoro, na swali la kwanza la kila mtu ni kwa nini picha haijajaa.

Bibi yetu Tanga alirekodiwa sikukuu moja ya Idi, kwa kamera ya VHS, akisuka ukili barazani huku wageni wakipita kumpa mkono. Juzi juzi ndugu waliupeleka mkanda studio ukageuzwe faili. Limerudi likiwa 16:9, limejaa kioo, kila mtu amefurahi. Nilitafuta duara kama nilivyofundishwa. Sinia la pilau ni duara kamili, na hapo ndipo moyo uliponiporomoka. Picha ingekuwa imevutwa, ningeirudisha kwa kubadili alama moja. Hii imekatwa. Kugeuza 4:3 kuwa 16:9 kwa kukata kunaondoa robo nzima ya picha, juu na chini. Bibi anasuka, lakini mikono yake haionekani. Tarehe iliyokuwa kwenye kona ya chini imekwenda pia, na sasa wengine wanasema ilikuwa kabla ya mvua za Elnino, wengine baada. Mkanda wenyewe umeota koga na deki imeumeza ukakatika. Mjomba, ambaye angetoa jibu, tulimzika.

Kanda nyingine za bibi bado zipo. Nimemtafuta fundi mwingine, nikamwandikia kwenye karatasi: 720 kwa 576, alama ya 4:3, kingo zote ziachwe, hata ile mistari inayotetemeka chini kabisa, inayotokea vichwa vya deki vinapopokezana. Chogo ilikuwa inaificha. Fundi akaniuliza kama nina hakika, maana wateja wake huwa wanataka iondolewe. Nikamwambia aiache.