Ubundu, Mji Uliozaliwa na Maporomoko

Mwalimu wa jiografia apendaye kazi yake hawaulizi wanafunzi majina ya miji tu. Huwauliza pia: Kwa nini mji huu uko hapa, wala si pengine? Miji mingine ilizaliwa na bandari, mingine na machimbo, mingine na makutano ya njia. Leo twautazama mji mdogo wa Ubundu, katika jimbo la Tshopo, kusini ya Kisangani. Mji huu ulizaliwa na kizuizi. Mto ulikataa kupitika, na hapo ulipokataa watu walilazimika kushuka, kutua mizigo, na kutafuta njia ya nchi kavu.

Wasomaji wapenzi, chukueni ramani ya Kongo. Utazameni mto Lualaba utokao kusini, ukipita Kongolo na Kindu, ukielekea kaskazini. Toka Kindu hata Ubundu, mwendo wa kilomita 300 hivi, vyombo vikubwa hupita. Lakini baada ya Ubundu maji huanza kuanguka juu ya mawe. Yako maporomoko saba, yaliyoenea katika mwendo wa kilomita 100 hivi, na la mwisho liko Kisangani penyewe. Kwa jumla mto hushuka kiasi cha meta 60. Hakuna hata moja liangukalo toka juu sana, lakini nguvu za maji zatosha kuvunja chombo chochote. Hayo ndiyo maporomoko ya Boyoma, ambayo zamani yaliitwa kwa jina la Stanley. Yakiisha, mto hubadili hata jina lake: juu yake ni Lualaba, chini yake ni Kongo. Tena Ubundu uko kusini kidogo ya mstari wa Ikweta, na Kisangani kaskazini kidogo. Basi aendaye toka mji mmoja hata mwingine huvuka Ikweta, wala haoni alama yoyote ila msitu.

Kabla mgeni yeyote hajaichora ramani hiyo, Wagenya walikwisha kuyajua mawe ya mto moja moja. Wao husimamisha miti mikubwa katikati ya maji yaendayo kasi, wakaifunga kwa kamba za msituni, wakatundika humo matundu makubwa ya kunasia samaki. Ndani ya msitu wanakaa Wakumu, Walengola na Wamituku, wawindaji na wakulima wa ndizi, muhogo na mpunga. Hawa ndio wenyeji wa nchi ya Ubundu.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ubundu umepokea wageni wengi, na si wote waliowaponya wenyeji. Mwezi wa Januari 1877 alipita Stanley na watu wake, wakiyazunguka maporomoko kwa kuvuta mitumbwi yao msituni, na kupigana na wenye nchi. Nyuma yake walikuja wafanyabiashara wa pwani wakitafuta pembe za ndovu. Mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye baadaye aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya kuwa liwali wa nchi ya maporomoko. Watu hao walileta mpunga, na nguo, na lugha hii tuisomayo hapa, ambayo huko iliitwa Kingwana. Walileta pia bunduki na minyororo. Yafaa tuseme wazi kwamba Kiswahili kilifika Ubundu kwa njia zile zile walizopitishwa watumwa.

Ndipo vikaja vita vya Wabelgiji na Waarabu, toka 1892 hata 1894. Ofisa mmoja wa Kibelgiji, Pierre Ponthier, alikufa katika vita hivyo mwaka 1893, na mji ukaitwa Ponthierville kwa jina lake. Baada ya uhuru wa 1960 ulirudia jina lake la kienyeji.

Kazi iliyoufanya mji ujulikane ilianza mwaka 1903. Kampuni ya reli ya Kongo ya Juu na Maziwa Makuu ilitandika reli ya kilomita 125 hivi, toka ng'ambo ya kushoto ya mto, mbele ya mji wa Kisangani, hata Ubundu. Mwaka 1906 gari moshi likaanza kupita. Waliokata msitu na kubeba vyuma walikuwa Waafrika, na wengi wao hawakuja kwa hiari.

Tangu hapo Ubundu ukawa kama bawaba ya mlango. Mzigo uliotoka Atlantiki ulipanda reli Matadi, ukaingia melini Kinshasa, ukashushwa Kisangani na kupandishwa tena garini, ukafika Ubundu, ukaingia meli nyingine mpaka Kindu; na toka 1910 reli nyingine iliuchukua toka Kindu hata Kongolo. Kila mzigo ulipobadilishwa chombo, palihitajiwa mikono: wachukuzi, makarani, mafundi wa mitambo, na akina mama wa kuwapikia. Hivyo mji ukapata wakazi wa makabila mengi.

Lakini mji utegemeao njia huugua njia inapougua. Kwa sababu ya vita na uchakavu, safari za gari moshi zilikuwa haba, na wachuuzi walizoea kusukuma baiskeli zilizojaa mafuta ya mawese kwa siku nyingi msituni. Tena njia hiyo iliona machozi. Mwanzoni mwa 1997 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, waliotoka kambi ya Tingi-Tingi karibu na Lubutu, walifika Ubundu na kuvuka mto. Walipiga kambi kando ya reli, huko Biaro na Kasese. Mwezi wa Aprili kambi hizo zilishambuliwa. Wengi waliuawa, na maelfu wakatawanyika msituni. Tarehe 4 Mei gari moshi lililowachukua walionusurika kwenda Kisangani lilijaa kupita kiasi, likafika na maiti za watu zaidi ya 90, waliokanyagwa na kukosa pumzi. Reli iliyotandikwa ili kuyashinda maporomoko ikawa mahali pa kufia watu.

Wapitao Ubundu, wawe wafanyabiashara, askari au wakimbizi, wameuhesabu mji huu kuwa mlango tu. Ni mlango kweli, lakini mlango nao una nyumba yake, na ndani ya nyumba mna watoto wanaotaka shule, na wagonjwa wanaotaka dawa ifike kabla hawajafa. Njia ikitengenezwa kwa ajili ya mizigo peke yake, mwenyeji hubaki kando akitazama. Ikitengenezwa kwa ajili yake pia, ndipo methali ya wahenga itatimia.

Nanyi wanafunzi, ulizeni habari za mji wenu kwa namna hiyo hiyo: Kwa nini uko hapo? Nani aliujenga? Na nani amefaidika kwa kuwako kwake? Waulizeni wazee wangali hai, mkaandike majibu yao.