Tambi za Sufuria Moja

Leo twataka kusema juu ya chakula cha jioni, maana katika nyumba nyingi za Tunduma saa ya chakula imekuwa saa ya taabu. Mji huu ni wa mpakani, ng'ambo yake ni Nakonde katika nchi ya Zambia, na akina mama wengi hushinda sokoni hata jua kuchwa. Mama arudipo saa moja ya usiku, maharage hayajawekwa motoni, na wadogo wamekwisha kusinzia mekoni. Tumewaona watoto waliolala na njaa, si kwa kukosa chakula nyumbani, bali kwa kuwa chakula kilikawia kuiva. Asubuhi yake twawaona darasani, wala hawasikii lifundishwalo.

Liko jambo ambalo wengi hawalijui. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mahali pa namna hii maji huchemka kwenye joto la nyuzi 95 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Ndiyo sababu maharage hukawia hapa kuliko pwani, na makaa huisha upesi. Asilaumiwe mpishi.

Basi, kwa jioni kama hizo twasifu tambi. Watu wa pwani wamezijua tangu zamani, nao huzipika kwa sukari, tui la nazi na iliki. Walakini sisi twazitaka za chumvi, pamoja na mboga, tena katika sufuria moja tu. Kwa watu watano, pakiti ya gramu 500 yatosha. Kaanga vitunguu viwili katika mafuta ya alizeti, utie karoti na nyanya nne zilizokatwakatwa, uziache zilainike. Kisha mimina maji lita moja na nusu, na chumvi. Yakichemka ndipo uzitie tambi, umezivunja katikati. Koroga mara kwa mara, hasa dakika za kwanza, maana ndipo hushikana. Pakiti ikisema dakika kumi, hapa kwetu ongeza mbili au tatu, kwa sababu ile ile ya mlima. Zikikaribia kuiva, tia mchicha na konzi mbili za karanga zilizosagwa. Karanga hizo zitashika mahali pa nyama, kwani tambi peke yake hazitoshi kumjenga mtoto.

Desturi ya kuchemsha tambi katika maji mengi, kisha kuyamwaga, hatuipendi. Maji yale yamechukua wanga wa ngano, nao ndio unaoufanya mchuzi uwe mzito. Tena mwenye kununua maji kwa ndoo atamwagaje lita mbili kila apikapo? Katika sufuria moja maji yote hunywewa na tambi, wala hakuna kinachopotea.

Wako akina baba watakaosema kwamba asiyekula ugali hajala. Twawaheshimu, na sisi wenyewe ni watu wa ugali. Hatusemi uondolewe mezani. Twasema juu ya jioni moja au mbili katika juma, mama arudipo amechoka na makaa ni machache. Tena baba aliyetangulia kufika nyumbani aweza kuzipika mwenyewe: kazi yote haizidi dakika 40, na sufuria ya kuosha ni moja.