Noti ya Katikati

Kabla sijajifunza kinanda, kodi niliyoijua ni ya mwenye nyumba. Mwalimu wa kwaya akanionyesha nyingine: C, E, G. Jina hutoka kwenye noti ya msingi, C. Lakini E ndiyo huamua: ikibaki hapo, ni meja, ukiishusha nusu toni, ni maina, na wimbo unaingia huzuni. Ukiiondoa, huwezi kujua ni ipi.

Katika kwaya yetu ndogo, sauti ya pili alikuwa Mama peke yake. Jumapili ya kwanza baada ya kumzika, tulipofika kwenye Amina ya mwisho, nilisikia C na G, katikati patupu. Nikabonyeza E, nikaishikilia mpaka watu wote walipokaa.